Maji hayapindishi ubao

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, alifika kwangu na meli yake ya mfano ya mbao, ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Ni Endeavour, kipimo cha 1:60, seti aliyoletewa na shangazi yake kutoka Ubelgiji. Akaiweka mezani, akafunua, nikaona kile ninachokiona kila mara: nyufa kati ya mbao kuanzia omo, mbele ya meli, hadi katikati, nyingine zinapitisha ukucha, na karibu na gubeti, ncha yake ya mbele kabisa, mbao zimeinua kingo kama magamba ya samaki.

"Papa, nilifanya vile wanavyosema. Niliziloweka usiku kucha."

Huyu ni wa nne. Naandika ili wa tano asome kwanza.

Maji hayapindishi ubao. Joto ndilo linalopindisha. Nyuzi za mti zimeshikamanishwa na lignini, gundi ya asili ya mti, na lignini hulegea ikipata moto, kisha ikipoa hukaza tena katika umbo ulilolishikilia. Maji yana kazi mbili tu: kushusha kiwango cha joto ambacho lignini inaanza kulegea, na kuukinga ubao usiungue. Ubao uliolowa lakini ni baridi utainama kidogo zaidi ya mkavu, halafu ukiuachia unarudi ulikotoka. Kinachoushikilia pale ni misumari na kole (gundi), na misumari na kole vitachoka.

Ubaya wa kuloweka usiku kucha hauishii hapo. Mti ukinywa maji haurefuki, unapanuka. Kwa urefu huongezeka kama sehemu moja au mbili kwa elfu, huwezi kuiona. Kwa upana inaweza kufika sehemu tano kwa mia, hata zaidi, kutegemea mti na namna ulivyopasuliwa. Tuseme nne kwa mia: ubao wa milimita 5 unakuwa 5.2. Bandika mbao 20 zikiwa zimevimba hivyo, zikikauka zitataka kurudisha milimita 4. Zitazitoa wapi? Kwenye maungio. Kijana alibandika wakati wa mvua, mbao mbichi juu ya mbao mbichi, zimepigwa kole papo hapo. Kiangazi cha Juni na Julai kikamalizia.

Kwa hiyo: loweka kidogo, pasha moto, pindisha, acha ukauke kabisa ukiwa umebanwa kwenye umbo lake, ndipo upake kole. Kole juu ya ubao mkavu. Sitarudia.

Na usiniambie habari za maji ya birika. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Ukiyamimina kwenye beseni baridi, ukatafuta koleo, ukatumbukiza ubao wa urefu wa mkono, unafanya kazi na maji ambayo yameshapoa. Mimi natumia kipande cha bomba la chuma, kipenyo cha sentimita 4, nimekilaza juu ya mbabula, jiko la mkaa, yenye makala yaliyoshika vizuri. Umeme ukatike au usikatike, bomba lipo. Tone la maji likiruka na kupotea mara moja, liko tayari. Unaubembeleza ubao juu yake, upande utakaokuwa wa ndani ukigusa chuma, unasukuma polepole bila kusimama mahali pamoja. Utausikia mkononi: kwanza unakataa, halafu ghafla unakubali. Sekunde ile ukikubali ndiyo ya kuusindikiza, na ukiipita unaunguza.

Wengine wanatia amonia ya kusafishia vioo. Amonia inayolainisha mti kweli ni ile isiyo na maji kabisa, ya viwandani, wala usitamani kuwa nayo chumba kimoja. Ile ya chupa inatia mbao weusi na kukuchoma macho.

Sasa nifike kwenye linaloniumiza zaidi, kwa sababu hata kijana angetumia moto, meli yake ingeharibika vilevile.

Ubao wa milimita 5 kwa 1.5 unapenda kupindia upande wake mwembamba. Kuupindisha kwa ubapa wake, yaani kuulazimisha kupanda au kushuka ubavuni mwa meli huku umelala juu ya mataruma (mbavu za meli), kunahitaji nguvu mara 11. Ni hesabu ya 5 kwa 1.5, kisha unazidisha jibu kwa lenyewe. Ubao unaolazimishwa hivyo unajikunja na kuinua ukingo mmoja. Yale magamba ya samaki ndiyo hayo! Hayakutoka kwenye uhaba wa maji.

Dawa yake ni kisu na randa. Shika kamba ya karatasi, izungushe kwenye taruma la katikati kutoka sitaha hadi mkuku, uti wa chini wa meli, weka alama. Tuseme ni milimita 150: hapo zinaingia mbao 30. Pima vilevile taruma la kwanza la omo, ukute 96. Mbao ni zilezile 30, kwa hiyo kila moja pale lazima iwe na upana wa milimita 3.2. Pima kila taruma, hamishia alama kwenye ubao, uchonge. Ubao uliochongwa hivyo unalala wenyewe, unauona unatafuta njia yake. Usishuke chini ya nusu ya upana. Ikifika huko, ukomeshe ubao mmoja njiani na jirani yake achukue nafasi. Kwenye tezi, nyuma ya meli, kinyume chake kinaweza kutokea, nafasi inazidi mbao, unajaza kwa kabari ndefu. Waunda meli za kweli walifanya hivyohivyo.

Na Endeavour haina huruma kwa anayeanza. Ilishushwa majini Whitby, Uingereza, mwaka 1764, meli ya kubeba makaa ya mawe, kabla James Cook hajaondoka nayo 1768. Omo yake ni nene kama shavu lililojaa chakula. Karatasi ya maelekezo kwenye seti inalipitia jambo hili kwa mistari miwili.

Kuna nisilolijua kwa uhakika. Ubao wa mti wa tilia wa milimita 1.5 naloweka dakika 20. Nimewahi kujaribu 5, nimewahi kujaribu 40, na siwezi kuapa kwamba niliona tofauti. Wala sijapata kanuni ya kiasi gani uzidishe mpindo ili ubao ukirudi nyuma kidogo ukae panapotakiwa. Nakisia, na ubao mmoja kati ya kumi naurudisha motoni.

Tulibandua mbao za kijana kwa kitambaa cha maji moto, kole nyeupe ikalegea. Mataruma yalikuwa hayajapigwa msasa kufuata mkunjo wa omo; tulitumia mchana mzima kwa hilo peke yake. Tumepima mataruma yote, kila namba imeandikwa kwa penseli kwenye tripleksi. Jumamosi anakuja na mbao mpya, na mimi nitawasha mbabula.