Muziki wa majaribio si muziki wa kujaribia

Juzi jioni, kwenye kijiwe chetu cha kahawa Ngamiani, Tanga, kijana mmoja wa mtaani alikuja na santuri yake mpya kwapani. Muziki ameurekodi mwenyewe chumbani, nyumbani kwa mama yake: gitaa, feni iliyolegea, mvua juu ya bati, honi ya meli bandarini, vyote amevikata na kuviunganisha kwenye kompyuta. Akatuma kazi Ulaya, zikachapwa nakala mia tatu basi. Nyuma ya jalada ameandika "muziki wa majaribio". Mzee mmoja akaigeuzageuza, akamwambia kwa upole kabisa, "Hongera mwanangu. Ukishamaliza kujaribu, utuletee na wenyewe."

Kijana akajibu, "Inshallah, mzee," akanyamaza. Mimi kahawa ilinishinda. Maneno hayo nimeyasikia kwa watangazaji, kwa walimu, hata kwa wanamuziki wenzake wanaoiita kazi kama hiyo "demo".

Muziki wa majaribio ni ule ambao mtunzi huacha kwa makusudi njia iliyozoeleka, akaanza kazi bila kujua mwisho wake utasikika vipi. Mtunzi Mmarekani John Cage mwaka 1955 alilieleza jambo hilo kwa ufupi: ni tendo ambalo matokeo yake hayajulikani kabla. Hiyo ndiyo maana, wala si ngumu.

Ugumu uko kwenye neno. Mzee yule hakukosea Kiswahili. Mchezaji akienda kufanya majaribio katika klabu, bado hajasajiliwa. Mwajiriwa akiwa katika kipindi cha majaribio, bado hajathibitishwa. Mtihani wa majaribio hauingii kwenye cheti. Redio ikitangaza "jaribio la mapinduzi", ujue mapinduzi yameshindwa. Kote huko jaribio ni kitu kilichopungua, na chenyewe kiko mbele au hakikutokea kabisa. Masikio yetu yamelishwa maana hiyo miaka mingi, ndiyo maana nyingine haisikiki.

Lakini neno hili lina ukoo mkubwa kuliko huo. Jaribu limetoka katika kitenzi cha Kiarabu jarraba, ambacho kina maana ya kupima kitu ili kukijua. Tazama ndugu zake waliohamia kwetu. Kuna majaribu: Wakristo wanaposali "usitutie majaribuni" hawaombi kuepushwa na mazoezi, wanaomba kuepushwa na pale mtu anapopimwa kwelikweli. Kuna tajiriba, yale mtu aliyoyapitia yakamfunza. Na kuna mujarabu, neno ninalolipenda kuliko yote matatu. Dawa mujarabu ni ile iliyokwisha kupimwa ikaonekana inaponya. Shina ni lile lile, j-r-b, na hapo limebeba uhakika mtupu. Kilatini nacho kilipita njia hiyo hiyo: kitenzi kimoja, experiri, kilizaa neno la jaribio la maabara na neno la tajiriba.

Maabara ndiyo inayotakiwa kukumbukwa hapa. Tuliosoma kemia sekondari tulichanganya asidi na magadi tukatazama povu. Povu lilipotoka, jaribio lilikuwa limekwisha. Hakuna aliyemuuliza mwalimu jaribio lenyewe litafanyika lini.

Na isidhaniwe kuwa ni mambo ya Wazungu yaliyotufikia juzi. Mwaka 1944, mjini Cairo, Mmisri Halim El-Dabh aliazima kutoka kituo cha redio mashine ya kurekodia kwenye waya wa chuma, akaenda nayo kwenye zaar, ngoma ya wanawake ya kutuliza pepo. Akarudi kituoni na sauti zile, akazichuja na kuzirudishia mwangwi mpaka zikawa kitu kipya. Mfaransa Pierre Schaeffer, anayetajwa kila mahali kwa kutunga muziki kwa sauti za treni, alifanya hivyo Paris mwaka 1948, miaka minne baadaye. Ngoma ya pepo watu wa Tanga hatuhitaji kuelezwa. Aliyeipeleka maabara ni Mwafrika, na alipomaliza alikuwa amemaliza.

Santuri yenyewe nayo inatoa ushahidi. Ili kuipata, sauti huchongwa kwanza kwa sindano kwenye sahani laini, sahani hiyo ikapakwa madini, ikatolewa kalibu ya nikeli, ndipo plastiki ya moto igandamizwe. Kosa likishaingia kwenye mfuo halifutiki. Utalipia kalibu nyingine. Upande mmoja wa santuri kubwa huchukua kama dakika ishirini tu ukitaka sauti nzuri, kwa hiyo mtunzi ameshaamua nini kibaki na nini kitoke. Gharama ya kalibu ni ile ile uchape nakala mia au elfu. Hizo mia tatu zinaonyesha mfuko wake ulipofika; hazionyeshi kwamba alikuwa na shaka na kazi. Kiwanda hutangulia kumtumia nakala chache asikilize kama kuna mikwaruzo kabla ya kuruhusu zote zichapwe. Ukitaka santuri za kujaribia, ni hizo, na hazikuja kijiweni.

Kurekodi chumbani nako hakuifanyi kazi kuwa nusu. Feni ile ingetolewa studio, na feni ndiyo aliyoitaka. Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928 ni kwa sababu mashine zilikuwa huko. Siku hizi mashine inakaa mezani karibu na kitanda, na kinachosafiri kwenda ng'ambo ni faili.

Nilimwambia mzee sehemu ya haya, si yote, maana kahawa ilikuwa inapoa. Akaichukua santuri tena, akaisoma nyuma, akamuuliza kijana, "Sasa hapa ulikuwa unajaribu kujua nini?" Kijana akavuta kigoda akakaa. Nanyi mkikutana naye, muulizeni hivyo, msimuulize muziki wenyewe utatoka lini. Umeshatoka.