Maana ya “mjadala wa wanawake” katika Uingereza ya karne ya 17

Wanahistoria wa fasihi huita “mjadala wa wanawake”, au kwa Kifaransa “querelle des femmes”, majibizano ya maandishi yaliyoendelea Ulaya kuanzia karne ya 15 kuhusu akili, tabia na hadhi ya mwanamke. Wanaume ndio waliokuwa wengi miongoni mwa waandishi wake, lakini wanawake nao walijibu, na majibu yao ndiyo yanayoipa dhana hii uzito.

Huko Uingereza, mwaka 1615, mwalimu wa upanga aitwaye Joseph Swetnam alitoa kijitabu cha kuwatukana wanawake, kikapendwa na kuchapwa mara nyingi. Alidai kwamba mwanamke, kwa kuwa aliumbwa kwa ubavu, na ubavu umepinda, naye amepinda kwa maumbile. Mwaka 1617 Rachel Speght, msichana wa karibu miaka 20 na binti wa kasisi wa London, aliushika ubavu uleule na kuusoma vingine: Hawa hakutolewa katika mguu wa Adamu ili awe chini yake, wala katika kichwa ili amtawale, bali ubavuni, karibu na moyo, ili awe sawa naye. Wakati ule msichana hakuwa na nafasi katika chuo kikuu wala mimbari, ila Biblia aliijua, na hakuna mpinzani aliyethubutu kuikana. Wengine wawili waliomjibu Swetnam mwaka huohuo walitumia majina ya kubuni, hali Speght alitia jina lake halisi, na naona huo ulikuwa ujasiri mkubwa kuliko hoja yenyewe. Nakala moja ya kitabu chake, iliyoko Chuo Kikuu cha Yale, imejaa pembezoni kejeli za msomaji aliyekerwa, zilizoandikwa kwa mkono.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba wanawake wa karne hiyo walijitetea tu; walibishana pia wao kwa wao. Mary Astell, ambaye mwaka 1694 alipendekeza paanzishwe mahali pa wanawake kusoma na kutafakari, alichapisha mwaka uliofuata barua alizoandikiana na mwanafalsafa John Norris kuhusu kumpenda Mungu. Mwaka 1696 mwanafalsafa mwanamke Damaris Masham aliyapinga mawazo hayo katika kitabu kisicho na jina la mwandishi, na baadhi ya wasomaji wakadhani kimeandikwa na rafiki yake, mwanafalsafa John Locke.