Maswali ya kujaza pengo kwenye GRE: jibu limo ndani ya sentensi

GRE ni mtihani ambao vyuo vikuu vingi, hasa vya Marekani, huutumia kuchuja waombaji wa shahada za uzamili na uzamivu. Sehemu yake ya lugha ina maswali ya kujaza pengo: unapewa sentensi au aya fupi, na maneno ya kuchagua. Pengo likiwa moja, maneno ni matano. Yakiwa mawili au matatu, kila pengo lina maneno matatu, na ukikosea moja umekosa swali zima. Anayebahatisha swali la mapengo matatu ana nafasi moja kati ya 27.

Wengi hukariri orodha za maneno mpaka kichwa kiume. Msamiati unahitajika, sikatai, ila kinachopimwa zaidi ni usomaji. Jibu linatakiwa liwe moja tu, kwa hiyo mtunga swali hana budi kuacha dalili. Tazama:

Ingawa wenzake walimjua kuwa ni mtu ______, siku ile alizungumza saa nzima bila kumpa mwingine nafasi.

Funika majibu kwanza. Dalili ni "alizungumza saa nzima". "Ingawa" inakuambia pengo liko kinyume chake. Weka neno lako, hata la kitoto: "asiyeongea". Sasa funua: mkarimu, mnyamavu, mchangamfu, mwerevu, mkaidi. Umemaliza. Aliyeanza na majibu angeweza kujishawishi kwamba hata "mwerevu" linaingia, kwa kuwa sikioni halikwaruzi.

Mapengo yakiwa mengi, si lazima uanze na la kwanza. Anza na lenye dalili nzito. Likishajazwa, nalo linakuwa dalili ya mengine.

Kuna aina nyingine: pengo moja, maneno sita, unachagua mawili yanayoipa sentensi maana ileile. Hapo mtego ni visawe. "Mkarimu" na "mpaji" ni jozi nzuri, lakini kwenye sentensi yetu havina kazi.

Tangu Septemba 2023, sehemu nzima ya lugha ina maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23, na maswali ya ufahamu humo humo. Kukosea hakupunguzi alama. Ukikutana na maneno usiyoyajua hata moja, bahatisha, liwekee swali alama, nenda kwenye linalofuata.