Jengo halilipuliwi, linaporomoshwa

Ikisambaa video ya ghorofa ndefu ikishuka ndani ya vumbi, chini yake huandikwa "limelipuliwa". Wanaojiona wajuzi zaidi huandika "implosheni". Wote wamekosea, ila hawa wa pili wamekosea kwa madaha.

Kinachofanyika ni hiki: nguzo hukatwa kwa baruti, hasa zile za chini, kwa zamu zinazopishana kwa sehemu za sekunde, kisha uzito wa jengo unamaliza kazi. Basi.

Sasa hiyo implosheni. Imechongwa kwa kuigiza eksplosheni, ambayo asili yake ni Kilatini explodere: kumfukuza mwigizaji jukwaani kwa makofi. Katika fizikia, implosheni ni kitu kusagika kuelekea ndani kwa sababu mgandamizo wa nje umeuzidi wa ndani, kama nyambizi iliyozama kupita kina chake. Jengo lina mgandamizo gani? Hata madirisha yalishang'olewa zamani! Kuta huangukia ndani kwa kuwa nguzo za katikati hutangulia kukatwa, na sakafu zinaposhuka huzivuta zile za pembeni.

Baruti yenyewe ndiyo sehemu fupi. Wiki, pengine miezi, huishia kwenye kukata umeme, gesi na maji, kuondoa asbesto na vioo, kuvunja kuta zisizobeba mzigo, kulegeza ngazi na kuta za lifti, kujaribu baruti kwenye nguzo moja au mbili, kisha kuzungushia nguzo wavu wa chuma na kitambaa kizito ili vipande visiruke. Ukiuacha mnara wa lifti na ugumu wake, yatakukuta ya Dallas, Marekani, Februari 2020: jengo la ghorofa 11 lilianguka, mnara ukabaki umesimama, umeinama.

Ukitaka mlipuko, tazama Canberra, Australia, Julai 1997, ilipobomolewa hospitali ya zamani. Vyuma viliruka kuvuka ziwa hadi kwa watazamaji, na msichana wa miaka 12 akauawa zaidi ya mita 400 kutoka pale. Pale "kulipuka" ni neno sahihi, kwa sababu kazi iliharibika.

Kiswahili kina neno lake tayari. Kuporomoka ni kushuka kwa uzito wako mwenyewe. K ikigeuka sh, kuporomosha, tunajua kuna aliyesababisha. Kwa hiyo, tafadhali: "limeporomoshwa kwa baruti". Na ukiona maneno hayo ni marefu, "limebomolewa" linatosha.