Jiko la kupasha nyumba joto kwa kuni na makaa ya mawe: tazama chanja na dohani kabla ya bei

Kaya nyingi za Njombe, Makete na Mufindi zikihamia kwenye gesi hukutana na jambo moja ifikapo Juni: gesi huivisha ugali upesi, lakini nyumba inabaki baridi. Mafiga yalikuwa yakifanya kazi mbili na sisi tukihesabu moja. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, unahusu kupika tu. Baridi ya Nyanda za Juu Kusini imeachiwa kila kaya ijitafutie dawa, na dawa iliyozoeleka ni kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha.

Dawa hiyo inaua. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na mkaa uliokwisha kuiva, usiotoa moshi hata kidogo, bado huizalisha. Mkaa mbadala unaotokana na makaa ya mawe, kama Rafiki Briquettes za STAMICO (Shirika la Madini la Taifa), ni wa kupikia mahali penye hewa. Ukilala nao chumbani hauna nafuu yoyote. Jiko la kupasha nyumba ni lile lenye mlango unaofunga barabara na dohani inayotoa moshi nje. Lisilo na viwili hivyo tusilijadili.

Wanaotuuliza kuhusu jiko la kuni na makaa ya mawe kwa pamoja wana sababu. Makaa ya mawe yako jirani: Kiwira, Ngaka huko Mbinga, Mchuchuma huko Ludewa. Kuni nazo zipo, za miwati, misindano na milingoti. Tatizo ni kwamba nishati hizi mbili haziungui kwa namna moja, na muuzaji anayesema "hili linakula chochote" mara nyingi hajui hilo.

Ukuni ukipata joto hutoa gesi nyingi, na gesi hizo ndizo zinazowaka juu yake kama ndimi za moto. Kwa hiyo kuni zinahitaji hewa inayoingia kwa juu, na hupenda kulalia tandiko la majivu yake zenyewe. Makaa ya mawe ni kinyume chake. Huungua kama donge la kaa, na yanataka hewa ipite chini yake, kati ya vyuma vya chanja, yaani wavu wa chuma unaobeba moto. Majivu yake ni mengi mara nyingi kuliko ya kuni. Yakijaa chini ya moto, hewa inakatika, moto unafifia, na chanja yenyewe inaungua na kupinda kwa kukosa hewa ya kuipoza.

Basi jiko la kweli la nishati mbili lina matundu ya hewa ya juu na ya chini, kila moja na kifuniko chake cha kuongeza na kupunguza. Chanja yake ni ya chuma kinene cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), inayotikisika kutoka nje ili kuangusha majivu, na chini yake kuna trei unayoweza kuivuta. Kuta za ndani zimezungushiwa matofali ya kuhimili moto, kwa sababu makaa ya mawe yana joto kali linalopindisha bati jembamba. Chanja iliyochomelewa kwa nondo na kushikizwa moja kwa moja itakuhudumia kwa kuni. Kwa makaa ya mawe haitadumu.

Dohani ndiyo wengi wanayoibania pesa. Bomba lisiwe jembamba kuliko tundu la jiko (inchi 6 ni kipimo cha kawaida), lipande wima, na lipite kilele cha paa. Urefu wa mita 4.5 hivi kutoka jikoni huvuta moshi vizuri. Kulipitisha ukutani kwa kiwiko kisha kuliacha fupi chini ya bati ni kuuomba moshi urudi ndani. Linapotoboa dari, liwe mbali na mbao. Bomba la bati lenye zinki halifai kuwa karibu na moto.

Na usichanganye kuni mbichi na makaa ya mawe. Salfa iliyomo kwenye makaa ikikutana na maji ya kuni hutengeneza asidi inayolila bomba kutoka ndani, wala hutaliona mpaka litoboke. Ukuni uliokatwa juzi unaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji. Uliopasuliwa na kuanikwa mahali penye paa na upepo mpaka maji yawe chini ya asilimia 20 hutoa joto zaidi na masizi kidogo. Kuni za Juni zipasue mwaka mmoja kabla, kama unaweza.

Ukubwa? Jiko kubwa kuliko chumba ni hasara, maana utalibana hewa usiku kucha na dohani itajaa masizi. Kanuni inayotumika Uingereza ni kilowati 1 kwa kila mita za ujazo 14, kwa hiyo sebule ya mita 4 kwa 5 yenye dari isiyozidi mita 2.8 kwenda juu hutosheka na kilowati 4. Kama huna dari, weka dari kwanza.

Ushauri wangu kwa kaya nyingi za huku: nunua jiko la kuni lililotengenezwa vizuri, na uongeze gharama ya nishati mbili pale tu unapokuwa na uhakika wa kupata makaa ya mawe msimu mzima. Ukiyatumia, majivu yake usiyapeleke kwenye bustani ya mboga kama unavyofanya ya kuni. Yanaweza kuwa na madini yenye sumu.

Kabla ya kulipa, banisha kipande cha karatasi kwenye mlango wa jiko na ukivute, pande zote nne. Kikichomoka bila kushikwa, mlango haufungi. Kisha mwambie fundi aliwashe mbele yako kwa kuni kavu, afunge tundu la hewa la chini, nawe uone kama moto unamtii.