"FIFA Itatufungia": Uongo Unaowapa Usingizi Wezi wa Soka

Mkaguzi akibisha hodi kwenye ofisi za shirikisho la soka, au mjumbe wa mkoa akisimama mkutanoni kuuliza fedha za maendeleo zimeishia wapi, hakosekani mtu wa kuonya: "Taratibu jamani, FIFA itatufungia." Watangazaji wanalirudia neno hilo, vijiwe vya kahawa vinalirudia, na mawakili nao wanalirudia bila kufungua Katiba ya FIFA hata ukurasa mmoja. Ukumbi unanyamaza, ajenda inafungwa, watu wanakwenda kula. Hilo ndilo litakalochukua nafasi kubwa hapa. Dhana nyingine za rushwa ya soka zitakazofuata zina makosa yake, lakini hazijamwokoa mwizi kama hii.

Dhana: Kiongozi wa soka akikamatwa, nchi inafungiwa

Vifungu vya 14 na 19 vya Katiba ya FIFA vinataka chama cha soka kiendeshe mambo yake chenyewe bila mkono wa mtu wa nje, na viongozi wake wapatikane kwa utaratibu ulioandikwa kwenye katiba ya chama hicho. Kinachokatazwa ni serikali kushika usukani: waziri kuvunja kamati ya utendaji, kuteua kamati ya muda, kusimamisha uchaguzi, kutwaa ofisi na akaunti. Hakuna mstari unaompa kiongozi wa soka kinga ya jinai. Rais wa shirikisho akighushi saini amefanya kosa lilelile la karani wa duka aliyeghushi saini.

Anayebisha arudi asubuhi ya tarehe 27 Mei 2015. Polisi wa Uswisi waliingia hoteli ya Baur au Lac mjini Zurich na kuwatoa vigogo saba wa soka kwa ombi la Marekani, siku mbili kabla ya uchaguzi wa rais wa FIFA. Hati ya mashtaka iliyofunguliwa New York siku hiyo ilikuwa na watu 14 na makosa 47. Kama kukamata ni kuingilia, Uswisi na Marekani zingefungiwa kabla ya jua kuzama. Hazikufungiwa. FIFA ilijitangaza kuwa mwathirika, na mwaka 2021 wizara ya sheria ya Marekani iliridhia FIFA na mashirikisho mawili ya bara la Amerika kurejeshewa hadi dola milioni 201 kutoka kwenye mali zilizotaifishwa katika kesi hizo. Tena, Novemba 2014 FIFA yenyewe ndiyo iliyopeleka malalamiko ya jinai kwa mwanasheria mkuu wa Uswisi kuhusu zabuni za Kombe la Dunia la 2018 na 2022. Taasisi inayokwenda yenyewe kwa mwendesha mashtaka itamfungiaje mwenzake kwa kwenda hukohuko?

Mfano wa karibu zaidi ni Tanzania. Juni 2017 TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ilimfikisha Jamal Malinzi, aliyekuwa rais wa TFF, shirikisho la soka la nchi hiyo, wakati huo, pamoja na katibu mkuu wake katika Mahakama ya Kisutu. TFF haikufungiwa hata siku moja. Kamati ya utendaji ilikutana, makamu wa rais Wallace Karia akakaimu kwa mujibu wa katiba, na Agosti mwaka huohuo wajumbe wakapiga kura Dodoma. Taifa Stars iliendelea kucheza.

Sasa weka Kenya pembeni yake. Novemba 2021 waziri wa michezo, akitumia Sheria ya Michezo ya 2013 baada ya ukaguzi wa msajili wa michezo, aliivunja FKF, shirikisho la soka la Kenya, na kuikabidhi kwa kamati ya muda iliyoongozwa na jaji mstaafu. Ukaguzi ulikuwa halali, na maswali kuhusu fedha yalistahili kuulizwa. Lakini kamati ile ilikuwa ya waziri, si ya wajumbe. Februari 2022 Kenya ikafungiwa, na masharti ya kufunguliwa yalitaja mambo mawili: kamati ya muda iondolewe, na FKF irudishiwe ofisi na mali zake. Kufikia Novemba 2022, kifungo kilipoondolewa, Harambee Stars ilikuwa imeshaondolewa katika kufuzu AFCON ya 2023, na klabu za Kenya zilikuwa zimekosa msimu wa mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Zimbabwe ilifungiwa wakati mmoja na Kenya kwa kosa la aina hiyohiyo, la baraza la michezo la serikali kuisimamisha bodi ya ZIFA, shirikisho la soka la nchi hiyo.

Mahakama nayo haina msamaha ikivuka mstari huo. India ilifungiwa Agosti 2022, siku kama kumi na moja, kwa sababu shirikisho lake lilikuwa mikononi mwa wasimamizi walioteuliwa na Mahakama ya Juu. Hispania ilikanyaga pande zote mbili za mstari mwaka 2017. Julai rais wa shirikisho lake, Ángel María Villar, alikamatwa kwa tuhuma za ubadhirifu, na hakuna kilichotokea kutoka Zurich, makao makuu ya FIFA. Desemba, chombo cha serikali kilipotaka uchaguzi wa shirikisho urudiwe, barua ya onyo ilifika.

Kwa hiyo mtu akitamka "kuingilia", muulize swali moja tu: aliyekalia kiti sasa ameteuliwa na nani? Jibu likiwa ni katiba ya chama, polisi waendelee na kazi yao.

Serikali inayotaka kumbana mtu bila kuifungisha nchi ina mpangilio wake, na mpangilio huo ukipinduliwa ndipo mambo huharibika. Anza benki. Fedha za maendeleo za FIFA zinatakiwa kukaa kwenye akaunti yake maalumu, na taarifa ya akaunti hiyo ndiyo karatasi pekee ambayo mtuhumiwa hawezi kuichoma moto. Mihtasari ya vikao inaweza kuandikwa upya usiku mmoja, na risiti zinanunulika Kariakoo. Ipate taarifa hiyo ya benki kwa amri ya mahakama kabla mtu hajajua kwamba anachunguzwa. Kisha linganisha mambo matatu: tarehe fedha ilipotoka, muhtasari wa kikao kilichoidhinisha, na marejesho ya masurufu. Wizi mwingi unaonekana hapo hapo, maana fedha hutoka tarehe 3 na kikao kinachodaiwa kuidhinisha hukaa tarehe 20. Angalia pia nani alibadilisha watia saini wa akaunti na kwa kikao kipi. Hilo hupuuzwa mno, na ndilo linaloeleza mengi.

Hati ya mashtaka ibebe majina ya watu, si "uongozi wa shirikisho". Wapekuzi wachukue kompyuta na mafaili kwa hati ya upekuzi, waache nakala, na wasiweke kufuli mlangoni. Usajili na uhamisho wa wachezaji wa kimataifa hupitia mfumo wa FIFA unaoendeshwa na ofisi hiyohiyo, na dirisha la usajili halisubiri upelelezi. Kiti kikibaki wazi, barua kwenda FIFA na CAF iandikwe na katibu mkuu au anayekaimu nafasi yake, pamoja na muhtasari wa kikao. Isiandikwe na wizara. Waziri anayetaka kuonyesha meno azuie ruzuku ya serikali na aagize ukaguzi wa kila shilingi ya hazina iliyoingia huko. Hapo hakuna wa kumgusa. Tatizo ni kwamba barua ya ukaguzi haina kamera, na kuvunja shirikisho kuna kamera nyingi.

Yapo pia makatazo ya kupeleka mambo ya soka kwenye mahakama za kawaida, na wajanja huyachanganya na haya kwa makusudi. Makatazo hayo yanahusu migogoro ya soka: pointi, uchaguzi, kufungiwa kwa mchezaji. Hiyo hupita ngazi za ndani na kuishia CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo iliyoko Lausanne, Uswisi, ambako rufaa ina siku 21 na siku ya 22 hakuna wa kukupokea. Kughushi, utakatishaji fedha na wizi si migogoro ya soka.

Dhana: Fedha za FIFA si za umma, kwa hiyo TAKUKURU haziihusu

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamgusa wakala anayemsaliti bosi wake, awe wa serikali au wa binafsi. Kenya nayo ina Sheria ya Hongo ya 2016 inayoingia hadi sekta binafsi. Na utakatishaji haujali noti ilitoka Hazina au Zurich.

Si fedha ndogo, pia. Katika mpango wa maendeleo wa FIFA uitwao Forward, wa 2023 hadi 2026, kila chama kinaweza kupata hadi dola milioni 8: milioni 5 za uendeshaji na milioni 3 za miradi. Wajumbe wengi wanaopiga kura hawajui hata akaunti ya fedha hizo iko benki gani. Waulize kabla ya mkutano, kwa barua, na waombe taarifa ya hesabu zilizokaguliwa wiki mbili kabla. Hesabu zinazogawiwa asubuhi ya mkutano pamoja na bahasha ya nauli zimetengenezwa zisisomwe.

Dhana: Mahakama imemwachia huru, basi kamati ya maadili ilimwonea

Hivi ni vipimo viwili. Mahakama ya jinai inataka kosa lithibitike pasipo shaka ya msingi. Kamati ya maadili ya FIFA inaangalia kanuni za kazi. Faranga za Uswisi milioni 2 alizolipwa Michel Platini, rais wa soka la Ulaya wakati huo, mwaka 2011 kwa idhini ya Sepp Blatter, rais wa FIFA wakati huo, ziliwafungia wote wawili Desemba 2015. CAS ilimpunguzia Platini hadi miaka minne, ikamwachia Blatter miaka sita. Mahakama za jinai za Uswisi ziliwaachia mwaka 2022, na tena kwenye rufaa Machi 2025. Majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja. Daktari anaweza kufutwa leseni bila kufungwa jela.

Dhana: Tangu 2016 FIFA imesafishwa

Kuna yaliyobadilika kweli. Kamati ya utendaji ya zamani ilivunjwa, likaja Baraza la watu 37, mishahara ya wakubwa ikaanza kutangazwa, na urais ukawekewa kikomo cha miaka 12. Ila soma yaliyofuata. Mei 2017, kwenye mkutano mkuu wa Bahrain, viongozi wawili wa kamati ya maadili, Cornel Borbély na Hans-Joachim Eckert, hawakurudishwa, wakati mezani kwao kukiwa na mamia ya mafaili. Siku hizohizo aliondolewa pia mkuu wa kamati ya utawala bora, Miguel Maduro, aliyekuwa amemzuia naibu waziri mkuu wa Urusi kugombea Baraza. Kanuni za maadili zilizotoka mwaka 2018 zilikuwa zimeliacha neno lenyewe "rushwa". Baada ya kelele likarudishwa. Desemba 2022 Baraza likaamua kwamba miezi 39 ya mwanzo ya Gianni Infantino, rais wa FIFA tangu 2016, haihesabiki kwenye kikomo, na Machi 2023 mjini Kigali akapita bila kupingwa, kwa makofi. Wajumbe wa nchi zetu walikuwemo ukumbini.

Hata hivyo njia ya kulalamika ipo, na inaweza kutumika. FIFA ina mfumo wa siri wa kupokea taarifa mtandaoni, na ndani ya kamati ya maadili chumba cha uchunguzi kinatenganishwa na chumba cha maamuzi. Taarifa nyingi hufa kwa sababu zimeandikwa kama mahubiri. Andika ukurasa mmoja: nani, cheo gani, kiasi gani, tarehe ipi, kanuni gani imevunjwa, na karatasi zipi umeambatanisha. Ondoa sifa na laana zote. Kama fedha ya FIFA imeguswa, liseme hilo kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu mambo ya ndani ya nchi kwa kawaida hurudishwa kwa kamati ya maadili ya nchi, na fedha yao wenyewe ndiyo inayowavuta wasirudishe.

Dhana: Imethibitishwa kwamba Qatar ilinunua Kombe la Dunia

Waendesha mashtaka wa Marekani walidai mwaka 2020 kwamba kura ziliuzwa. Ripoti ya uchunguzi ya Michael Garcia, aliyekuwa mchunguzi wa kamati ya maadili ya FIFA, iliyochapishwa nzima mwaka 2017, inasimulia mengi ya aibu. Hadi leo hakuna mahakama iliyomtia mtu hatiani kwa kuuza kura yake kwa Qatar. Tuhuma na hukumu ni vitu viwili.

Dhana: Rushwa ya soka ni bahasha

Bahasha ni ya kura za mkoani. Rushwa kubwa ya soka ni mkataba. Kampuni inauziwa haki za televisheni au udhamini kwa bei ya chini na bila ushindani, inaziuza kwa bei ya soko, kisha sehemu ya faida inarudi kwa kiongozi aliyesaini kama "ada ya ushauri", kupitia kampuni ya tatu iliyosajiliwa mbali. ISL, kampuni ya masoko ya Uswisi iliyofilisika 2001, ilifanya hivyo kwa miaka. Nyaraka za waendesha mashtaka zinaonyesha João Havelange alipokea faranga milioni 1.5 mwaka 1997 akiwa rais wa FIFA, na Ricardo Teixeira, aliyekuwa mkuu wa shirikisho la Brazil, si chini ya milioni 12.7. Hongo ya kibiashara haikuwa kosa la jinai Uswisi wakati ule.

Ukiwa kwenye kamati ya utendaji, usiidhinishe mkataba wa haki za matangazo kwa muhtasari wa maneno. Dai zabuni za washindani zikiwa karatasini, jina la mmiliki halisi wa kampuni, na kifungu kinachosema kamisheni ya dalali ni asilimia ngapi na analipwa nani. Kifungu hicho kikikosekana, rudisha mkataba.

Kuna na rushwa ndogo ambazo watu hawaziiti rushwa. Mwaka 2019 rais wa FUFA ya Uganda, Moses Magogo, alifungiwa miezi miwili na kutozwa faranga 10,000 kwa kuuza tena tiketi za Kombe la Dunia la 2014. Tiketi za mgawo wa chama ni mali ya chama, na kila moja inatakiwa kuwa na jina la aliyepewa kwenye daftari la katibu mkuu.