Dizeli isiyowaka asubuhi ya kipupwe: betri hufia pwani, msiba hutangazwa Makambako

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, karakana za Mafinga, Makambako, Njombe na Mbeya hupokea lalamiko lile lile. Lori au Land Cruiser lilipanda jana kutoka Dar es Salaam bila shida, leo alfajiri limegoma. Starta inaguna mara mbili, taa za dashibodi zinafifia, kisha kimya. Dereva anasema baridi imeua betri. Sisi tunaofundisha ufundi wa magari hatuiachi kauli hiyo ipite, kwa sababu ndiyo inayomfanya mtu anunue betri mpya na kuirudisha kwenye mateso yale yale yaliyoiua ya kwanza.

Betri ya risasi na tindikali huuawa na joto. Joto likipanda, kemia ya ndani huenda mbio: sahani huliwa na kutu, maji hukauka, na betri ikikaa bila kuchajiwa huisha chaji yenyewe upesi zaidi. Kanuni ya jumla katika fani hii ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya 25 za Selsiasi hupunguza umri wa betri kwa karibu nusu. Sasa fikiria betri iliyofungiwa jirani na injini, kwenye foleni ya Dar mwezi Februari. Imeumia, ila haionekani, kwa kuwa pwani injini huamka na vuguvugu na haidai nguvu nyingi.

Ikipanda milimani, deni linadaiwa. Kipupwe cha Makete na uwanda wa Kitulo huweza kushuka hadi karibu na sifuri, na sakitu ikalala juu ya majani. Katika sifuri hata betri nzima hupoteza takriban theluthi moja ya nguvu za kuzungusha starta. Betri iliyokuwa imebaki na nusu ya afya yake haina cha kutoa.

Gari la petroli huweza kusamehe unyonge huo, dizeli haisamehi. Injini ya dizeli haina cheche. Hubana hewa mara 16 hadi 22 ya ujazo wake mpaka hewa ipate moto wa zaidi ya nyuzi 500, ndipo dizeli inayonyunyizwa na nozeli iwake yenyewe. Ili hilo litokee, injini lazima izunguke kwa kasi. Ikizunguka kivivu, hewa huvuja kupitia ringi za pistoni na joto lote hunyonywa na chuma baridi. Ongeza mwinuko: Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko Dar, hivyo hata inapobanwa haifikii mgandamizo wa pwani.

Halafu kuna oili. Wenye magari ya zamani wanaipenda oili namba 40 kwa sababu ni nzito na inazuia moshi. Alfajiri ya Julai uzito huo huo unaikaba starta. Oili yenye maandishi 15W-40 hubaki nyepesi zaidi kwenye baridi, na injini ikipata moto inafanya kazi ile ile ya namba 40. Kwa anayefanya kazi Nyanda za Juu Kusini, ningeanza na badiliko hili kabla ya kugusa kitu kingine, maana oili utaibadilisha tu hata hivyo.

Kuhusu plagi za hita, yaani vijiti vya umeme vinavyopasha injini ya dizeli kabla ya kuwasha, madereva wengi huziona ni urembo hadi siku zinapokufa. Fungua swichi, subiri alama ya springi kwenye dashibodi izime, ndipo upige starta. Kukiwa na baridi kali, rudia kupasha mara mbili. Taa hiyo isikudanganye: kwenye magari mengi ya zamani huongozwa na saa tu, haijui kama plagi zenyewe zinawaka. Plagi nzima ikipimwa kwa mita huonyesha ukinzani mdogo sana, kwa kawaida karibu omu 1 au chini yake. Iliyokatika haionyeshi njia kabisa. Plagi mbili zikifa kati ya sita, injini itashika kwa kutetemeka na kukohoa moshi mweupe, nayo betri itakuwa imechoshwa bure.

Hapa sikio na jicho ni vipimo vizuri kuliko watu wanavyodhani. Injini ikizunguka polepole, tafuta kosa kwenye betri, nyaya, starta au oili. Ikizunguka kwa kasi na kutoa moshi mweupe bila kushika, dizeli inafika lakini haiwaki: angalia plagi za hita na mgandamizo. Ikizunguka kwa kasi bila moshi wowote, dizeli haifiki. Huenda mfumo umeingia upepo, au filta ina maji. Tangi likilala nusu kwenye baridi, unyevu wa hewa hugeuka maji ndani yake, kwa hiyo jaza jioni na ufungue koki ya filta mara kwa mara kutoa maji.

Kosa linalotusumbua zaidi liko kwenye malori na mabasi ya volti 24. Magari hayo hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Dereva anataka redio ya volti 12, au chaji ya simu, au taa za urembo za tandiboi. Fundi wa njiani anachukua umeme kutoka betri moja tu, ile ya karibu. Kazi imekwisha kwa dakika kumi na haikugharimu chochote. Kuanzia siku hiyo betri ile inapungua kila usiku wakati mwenzake imejaa, na oltaneta, inayopeleka takriban volti 28 kwa jozi nzima, haina namna ya kujua tofauti yao. Iliyojaa inazidishiwa chaji hadi inachemka maji. Iliyopungua haijai kamwe, na sahani zake zinaota ukoko mgumu wa salfeti. Miezi michache baadaye mwenye gari ananunua betri moja kufidia ile dhaifu, na sasa jozi ina mpya na kuukuu, yaani tatizo lile lile limeanza upya. Dawa ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, chenye kuchukua umeme kwenye betri zote mbili, na kubadilisha jozi kwa pamoja, za aina moja na umri mmoja. Bei ya kifaa hicho ni ndogo kuliko betri moja ya lori. Siwezi kueleza kwa nini bado kuna kampuni za usafirishaji zinazokibania.

Kupima si kazi ya fundi peke yake. Gari likiwa limelala usiku, mita ya kawaida ikisoma volti 12.6 au zaidi kwenye betri ya 12, imejaa. Kwenye 12.2 iko nusu, na chini ya 12 usilale nayo Makambako. Mwenzako akipiga starta, isishuke sana chini ya 9.6. Injini ikinguruma, isome kati ya 13.8 na 14.7. Betri ikisoma vizuri na starta bado nzito, kagua vichwa vya betri na waya wa arthi unaokwenda kwenye injini. Ule unga mweupe au wa kijani huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa, kisha kaza na upake grisi. Maji yakipungua ongeza maji yaliyosafishwa, si tindikali wala ya bombani.

Wakati wa kuwasha, zima taa na redio, kanyaga klachi, na usipige starta zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Subiri kama nusu dakika ndipo ujaribu tena.

Njia za mkato zina hatari zake. Kuwasha moto wa matambara chini ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, kumeshateketeza magari. Spirei ya etha kwenye injini yenye plagi za hita huweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Kuchanganya mafuta ya taa hupunguza ulainisho unaotegemewa na pampu na nozeli, achilia mbali sheria: mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuvunja nguvu ya uchakachuaji wa dizeli. Gari la gia za otomatiki usilisukume, halitawaka kwa njia hiyo.

Ukibusti, yaani kuwasha kwa umeme wa betri ya gari jingine, hakikisha magari yote mawili yana volti sawa, maana 24 ikiingia kwenye 12 huunguza kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Unganisha chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima, kisha hasi ya nzima, na ncha ya mwisho ishike chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni na cheche moja inatosha kuilipua. Gari likishawaka, mwendo mfupi wa mjini hauirudishii betri ilichopoteza, zaidi ikiwa bado ya baridi, kwani betri baridi hupokea chaji taratibu. Ichajiwe kwa chaja usiku kucha, na asubuhi ipimwe tena kabla ya safari.